Kiolezo nacho huchacha

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama upepo umenibeba hadi Magadi. Bado. Kwa wasioijua Kona Baridi, ukipanda na barabara ya Magadi kutoka Kiserian, pale juu kabla barabara haijaanza kuteremkia Bonde la Ufa, unafunga koti hadi shingoni hata kama Nairobi umeiacha na jua kali. Upande mwingine wa vilima vya Ngong, KenGen wameutega upepo wa vilima hivi kuzalisha umeme. Huku kwetu kazi yake ni kuangusha nguzo za umeme. Natania kidogo, lakini si sana.

Leo nataka kuanza na maziwa. Jirani yangu ana duka kando ya barabara na huwa tunabishana naye. Yeye husema tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ya maziwa ni ya watu wa Mombasa. Kwa baridi ya huku maziwa yanakaa siku mbili zaidi na mtu akanywa chai asisikie kitu. Huenda ana haki. Lakini hata akibisha, tarehe anaiona. Imepigwa kwenye pakiti yenyewe kabla haijatoka kiwandani, na popote pakiti itakapofika, iwe dukani kwake au kwenye mfuko wa mtoto aliyetumwa, tarehe inakwenda nayo. Sijasikia kiwanda kinachobandika tarehe kwenye lango lake halafu kinaziachia pakiti ziende bila kitu.

Mimi ndivyo nilivyofanya, kwa karibu miaka minne, na mimi ndiye ninayelipwa kuandika programu.

Ngoja nieleze. Mbali na programu, natengeneza violezo kwa biashara ndogo ndogo: ankara, barua za kuajiri watu, na hasa pesilipi, zile hati za mshahara. Kiolezo ni faili iliyokwisha kupangwa ambayo mtu anajaza majina na tarakimu tu, mahesabu yanajifanya yenyewe. Wateja wangu hawana uwezo wa kununua programu kubwa za mishahara, kwa hiyo natengeneza lahajedwali, naipakia mawinguni (yaani kwenye kompyuta za watu wengine tunazozifikia kwa intaneti, msidanganyike na jina), kisha namtumia mteja kiungo.

Shida ni kwamba kiolezo kimebeba sheria tumboni. Somo la kwanza nililipata kwa VAT. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ya Kenya ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Nikabadilisha ankara ya duka moja la vifaa vya ujenzi kule Kiserian. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Usiku huo wa mwaka mpya, wenzangu wakila mbuzi, mimi niliingia mawinguni nikabadilisha namba moja, nikajisifu. Mwezi wa pili mwenye duka akanipigia simu. Ankara za Januari yote zilikuwa zimetoka na 14, kwa sababu kijana wa kaunta alishajihifadhia nakala yake kwenye kompyuta ya dukani na hakuwa na sababu ya kurudi mawinguni. Kwa kila mzigo wa shilingi 100,000 kulikuwa na shilingi 2,000 ambazo mteja hakutozwa na serikali inazidai. Mzee alizitoa mfukoni. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Basi nikasoma, nikajifunza nusu ya somo. Niligundua kwamba mawinguni kuna tarehe za mwisho za kila aina. OneDrive na Google Drive, kwa akaunti za kazi zinazolipiwa, zinakuruhusu kuweka siku ambayo kiungo kitakufa au mtu atapoteza ruhusa ya kufungua faili. Kwenye S3 ya Amazon unaandika kanuni kwamba faili za namna fulani zifutwe zikifikisha siku kadhaa, na zinafutwa kweli, hakuna wa kubembeleza. Nikafurahi sana. Kuanzia hapo kila kiungo nilichotuma kilikuwa na siku yake ya kufa.

Mnaona nilipokosea? Yote hayo ni bawabu. Bawabu anasimama langoni, hamfuati mgeni hadi nyumbani kwake. Nakala iliyokwisha kutoka, ikaingia kwenye flashi, ikatumwa kwa WhatsApp, ikabadilishwa jina ikawa "mishahara mpya kabisa 2", hiyo bawabu haijui tena.

Sasa tuje Kitengela. Kuna shule ndogo ya binafsi huko, wafanyakazi 14, ambayo niliitengenezea kiolezo cha pesilipi mwaka 2021. Kufika huko kutoka kwangu nateremka Kiserian, nashika barabara ya Isinya, halafu barabara ya Namanga narudi nayo hadi Kitengela, kwa hiyo siendi mara kwa mara. Karani wa shule ni mtu makini, anapanga faili zake kuliko mimi. Kwa miaka miwili hapakuwa na neno.

Kisha ukaja mwaka 2023, na kama uliajiriwa Kenya kipindi hicho hunihitaji nikukumbushe. Februari 2023 NSSF ilitoka kwenye shilingi 200 tulizozoea ikawa asilimia 6 ya mshahara, ukomo shilingi 1,080. Sheria yenyewe, ya mwaka 2013 iliyokwama mahakamani miaka yote hiyo, imeandikwa kwa ngazi, kwa hiyo Februari 2024 ukomo ukapanda hadi 2,160 na Februari 2025 hadi 4,320. Hiyo angalau inatabirika. Tozo ya nyumba ndiyo iliyotutoa jasho. Asilimia 1.5 ikaanza kukatwa Julai 2023. Tarehe 28 Novemba Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha katiba, lakini ikaendelea kukatwa kwa ruhusa ya muda. Mwishoni mwa Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda huo, ikasimama. Tarehe 19 Machi sheria mpya ikatiwa saini, ikarudi. Fikiria kiolezo kilichotengenezwa Agosti 2023 na hakikuguswa tena: kilikuwa sahihi, kikawa na kosa, kikawa sahihi tena, na hakuna aliyekibadilisha hata herufi. Sijawahi kuona hitilafu ya programu ya namna hiyo, inayokuja na kuondoka yenyewe kama malaria.

Halafu bima ya afya. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHA ikaingia. Makato yakaacha kufuata jedwali la zamani, yakawa asilimia 2.75 ya mshahara wote, yasipungue shilingi 300. Watu wakatakiwa kujisajili upya.

Mimi nilikuwa tayari. Niliandika kiolezo kipya na kiungo cha zamani nilikipa siku ya kufa: 30 Septemba 2024. Kikafa usiku huo kama nilivyopanga. Kiungo kipya nilimtumia karani kwa barua pepe. Kwa bahati mbaya, barua pepe ya shule ni ile ambayo nywila yake anaijua mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa likizo ya uzazi.

Siku ya mishahara karani alibonyeza kiungo chake cha zamani, akaambiwa hana ruhusa. Wafanyakazi 14 wako mlangoni. Akafanya ambacho wewe na mimi tungefanya: akapekua WhatsApp, akapata nakala niliyomtumia miaka iliyopita siku ambayo intaneti ilikuwa imekataa, akaitumia. Fomula za NSSF na tozo ya nyumba alizirekebisha kwa mkono kufuata pesilipi za mwezi uliopita. Mstari wa bima aliuacha.

Yaani ile tarehe yangu ya mwisho, niliyojivunia, ndiyo iliyomsukuma kwenye nakala ya zamani zaidi kuliko zote.

Mpishi wa shule ile ni mama mtu mzima, mshahara wake shilingi 18,000. Kwa jedwali la NHIF alikatwa 600. Kwa SHA alipaswa kukatwa 495. Oktoba akakatwa 600, Novemba akakatwa 600, na pesa zenyewe zikalala kwenye akaunti ya shule, maana mahali pa kuzipeleka pameshabadilika na karani alikuwa akisubiri aelezwe. Mwanzoni mwa Desemba mjukuu wake akaugua kifua. Hospitalini akaambiwa michango yake haionekani. Akatoa pesilipi yake kwenye kitambaa, akaonyesha: hii hapa, nimekatwa. Yule wa dirishani akaitazama, akamwambia, mama, hiki kitu hakipo tena. Akalipa shilingi 3,400 taslimu, za kukopa kwenye chama.

Mwalimu mkuu alinipigia simu kesho yake. "Kijana wangu, njoo." Hakusema zaidi. Nilifika saa nne. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya viungo na nakala, na kwa kweli nilianza kueleza, hadi yule mama akanikatiza kwa upole.

"Mwanangu, mimi hayo ya mawingu siyajui. Mimi nilisoma karatasi. Karatasi haikuniambia kwamba imezeeka."

Nikamwambia, "Pole, Mama. Kosa ni langu." Shule ikamrudishia pesa za chama, na mimi nikaikata hesabu yangu na shule kwa kiasi hicho hicho. Lakini sentensi yake ilirudi nami hadi Kona Baridi. Karatasi haikuniambia. Tarehe nilikuwa nayo, ila niliiandika langoni.

Basi nikaanza upya: tarehe iingie ndani ya kiolezo, kabla ya kupakia. Mtadhani ni kazi ya dakika tano. Mimi nilikosea mara tatu.

Kwanza niliandika makro ya kufunga faili ikipita siku yake. Nikaipakia, karani akaifungua kwa Google Sheets kwenye simu, na makro za Excel huko hazifanyi kazi kabisa. Faili likafunguka likiwa limekenua meno kama kawaida. Kwa hiyo kama mnataka tarehe inayosafiri, iwekeni kwenye fomula ya kawaida, au hata kwenye maandishi matupu.

Nikaandika fomula. Seli B2 ina siku ya kuanza, B3 siku ya mwisho, na juu ya ukurasa:

=IF(TODAY()>B3,"KIOLEZO KIMEKWISHA MUDA","")

Inapendeza, sivyo? Ikapita siku yake ya mwisho, na mwalimu mmoja akahitaji pesilipi za miezi mitatu iliyopita kwa ajili ya mkopo benki. Karani akafungua pesilipi ya Desemba, iliyokuwa sahihi kabisa, na ikatoka kwenye printa na maandishi mekundu kwamba imekwisha muda. Benki ikaikataa. Nani awalaumu? TODAY inauliza leo ni lini, wakati swali ni mshahara huu ni wa mwezi gani. Maziwa uliyoyanywa wiki iliyopita yakiwa mazima hayawi mabovu kwa sababu leo tarehe yake imepita.

Sasa B1 ni siku ya mwisho ya mwezi unaolipwa, karani anaiandika mwenyewe, na fomula inalinganisha hiyo:

=IF(AND(B1>=B2,B1<=B3),"","VIWANGO HAVIJAKAGULIWA KWA MWEZI HUU")

Faida nyingine nimeiona baadaye. Kompyuta ya ofisi ya shule ni ya zamani, ile betri yake ndogo ya duara kama sarafu imekufa, na kila umeme ukipotea inaamka ikiamini ni miaka kumi na kitu iliyopita. Kompyuta ya namna hiyo ukiiuliza TODAY, hakuna kiolezo kitakachochacha milele.

Na la tatu, mkwaju. Niliandika 01/02/2025 nikimaanisha Februari mosi. Lahajedwali la mawinguni lilikuwa limepangwa kwa desturi za Marekani, likasoma Januari mbili. Andikeni DATE(2025,2,1) na msiamini mkwaju hata siku moja.

Hayo ni ya ufundi. Swali gumu lilikuwa lingine: niandike tarehe gani? NSSF najua, Februari hadi Februari. Lakini tozo ya nyumba nani angejua? Na tazama Juni 2024. Kila mtu alijiandaa kwa viwango vipya vya Mswada wa Fedha kuanzia Julai mosi. Vijana wakaingia barabarani, na baada ya tarehe 25 Juni Rais akakataa kuutia saini. Aliyekuwa amebadilisha violezo mapema kwa busara yake alilazimika kuvirudisha.

Nimeamua kwamba tarehe ya mwisho haina haja ya kuwa utabiri. Ni siku ambayo nimeahidi kwamba mtu atatazama tena, hata kama hakuna kilichobadilika. Kwa pesilipi naweka 31 Januari na 30 Juni, siku moja kabla ya misimu miwili ambayo mambo hubadilika. Hailindi kila kitu. Tarehe 27 Desemba 2024 sheria nyingine ilibadilisha jinsi SHA na tozo ya nyumba zinavyoondolewa kabla ya kuhesabu kodi, katikati kabisa ya muda wa kiolezo changu kipya. Hapo kilichoniokoa ni redio ya dukani kwa jirani.

Karani naye alikuwa na lake, na nilimsikiliza. "Unatuwekea mtego," aliniambia. "Siku hiyo ikifika na wewe uko Magadi hakuna mtandao, watu 14 watakula nini?" Kweli. Mpango wangu ulikuwa mahesabu yagome kabisa siku ikipita. Nikafikiria wale watu mlangoni, na jinsi kiungo kilichokufa kilivyotuponza. Mtu akifungiwa mlango na ana haraka, atapita dirishani. Kwa hiyo kiolezo hakigomi. Kinahesabu kama kawaida, ila kinaandika onyo kwa herufi kubwa juu ya karatasi, mahali ambapo si karani peke yake anaona bali yule anayekatwa pia. Na chini ya kila pesilipi kuna mstari mmoja mdogo: viwango hivi vilikaguliwa lini, mwisho wake lini, na namba ya simu yangu.

Kiungo nacho bado nakipa siku ya kufa, ila ukurasa wa mbele unasema kiolezo kipya kiko wapi. Faili za zamani hazifutwi. Nilipenda sana zile kanuni za kufuta zenyewe, lakini kumbukumbu za kodi Kenya zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, na siku mfanyakazi atakapodai haki yake ya 2024, pesilipi yenye kosa ndiyo ushahidi wake. Kwa hiyo zinahamia folda nyingine ya kusoma tu.

Mwisho wa Februari 2025 nilikuwa kweli Magadi, na kweli hakukuwa na mtandao. Kiolezo kilikuwa kimeandikwa mwisho 31 Januari. Nilikuwa nimepakia kipya tangu katikati ya mwezi, lakini karani alikuwa na haraka akafungua kile alichokizoea, akachapisha zote 14, akazigawa. Onyo lilikuwa pale juu. Printa yao ni ya rangi moja na wino ulikuwa unaisha, kwa hiyo lilitoka kijivu hafifu, na walimu waliziweka mifukoni bila kusoma.

Mpishi alirudi ofisini na yake. Kwake yeye hakukuwa na tofauti hata ya senti. Kwa mshahara wa 18,000 NSSF ilikuwa 1,080 kabla ya Februari na ikabaki 1,080 baada yake. Waliokuwa wamekatwa vibaya ni walimu wa shilingi 40,000, ambao walitakiwa kutoka 2,160 hadi 2,400. Yeye hakujua hilo. Aliiweka karatasi mezani, akaweka kidole juu ya ule mstari mdogo wa chini, akamwambia karani, "Hii imepita siku. Mpigie yule kijana wa Kona Baridi."

Nilikuta simu kumi na moja nilizokosa nilipopanda tena hadi Olepolos mtandao ukarudi.